Kuutambua Uraibu wa Pombe na Kazi ya Ushauri katika Sharika za Kilimanjaro

Katika sharika zetu za mlimani mtu anayekunywa kupita kiasi huitwa mlevi, na neno hilo likishatamkwa mbele ya wazee wa kanisa, njia ya mbele hujulikana: ataonywa, ataonywa tena, kisha atatengwa na Meza ya Bwana hadi atakapoomba kurudi kundini. Utaratibu huo una msingi wake katika Maandiko (Mt 18:15-17), wala makala hii haikusudii kuubeza. Inakusudia kuuliza swali linaloutangulia utaratibu wenyewe. Tunajuaje kwamba mtu aliye mbele yetu ni mnywaji awezaye kuacha akitaka, au ni mtu aliyekwisha kufungwa, ambaye kutaka kwake hakumfikishi popote? Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Anayemwonya wa kwanza huenda akamsaidia. Anayemwamuru wa pili kuacha pombe leo hii, pasipo daktari, anaweza kumwua. Jambo hilo la mwisho halijulikani vya kutosha miongoni mwetu sisi wachungaji na wainjilisti, nalo ndilo lililonisukuma kuandika.

Mbege na mabadiliko ya unywaji

Mbege haikuletwa Kilimanjaro na mgeni. Ndizi mbivu hupikwa, huachwa zichache kwa siku kadhaa, kisha maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Na ulezi huo ndio unaoitwa mbege kwa Kichagga, ukakipa kinywaji jina lake. Gome la msesewe huongeza uchungu. Kinywaji hiki kilikuwa na mahali pake katika posa, arusi, tambiko na usuluhishi wa wagombanao, na nguvu yake ni ndogo ikilinganishwa na pombe iliyokenekwa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi miongoni mwa Wachagga kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1902 hadi 1938, alieleza kwa kirefu jinsi maisha ya watu hawa yalivyoshikwa na vifungo vitatu, yaani ukoo, ujirani na rika. Pombe ya mila ilinyweka ndani ya vifungo hivyo. Ilikuwa na siku yake, sababu yake, na wakubwa waliosimamia kata.

Leo vifungo hivyo vimelegea, lakini pombe imebaki. Kilabu hufunguliwa siku yoyote, na aliye na fedha hunywa bila kungoja arusi. Bei ya kahawa iliposhindwa kuikimu nyumba, akina mama wengi waligeukia kupika mbege ili kulipa karo, hata ikawa kwamba mtoto wa kipaimara anavaa viatu vilivyotokana na kile ambacho mhubiri anakikemea Jumapili. (Mahubiri yasiyolitambua jambo hilo hayasikilizwi, na sijui kama yanastahili kusikilizwa.) Pembeni mwa mbege ipo gongo, ambayo sheria iliyotungwa mwaka 1966 kudhibiti utengenezaji wake huiita moshi. Kisha vilikuja viroba, pombe kali katika vifuko vya plastiki vilivyoweza kununuliwa na mwanafunzi kwa fedha ya nauli. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Vifuko viliondoka madukani. Pombe kali katika chupa ndogo ilibaki.

Dalili za mtu aliyefungwa

Maandiko hayakunyamaza juu ya mambo haya. Zaburi 104:15 inamshukuru Mungu kwa divai inayoufurahisha moyo, na Mithali 23:29-35 inamchora mtu mwenye macho mekundu na majeraha yasiyo na sababu, aliyepigwa asisikie, ambaye wazo lake la kwanza akiamka ni kuitafuta tena. Mwandishi wa Mithali alimfahamu mraibu karne nyingi kabla ya madaktari kumpa jina.

Neno uraibu ninalitumia kwa maana ya hali ya kutawaliwa na kileo hata mwili na nia vikashindwa kukikosa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyotolewa mwaka 1992, lilitaja dalili sita, likasema kwamba zikionekana tatu au zaidi kwa pamoja katika muda wa mwaka mmoja, mtu huyo ni mgonjwa wa utegemezi. Orodha hiyo imekwisha kufanyiwa marekebisho, lakini kwa mtumishi wa usharika dalili zile sita bado ni msaada mkubwa, naye anaweza kuziona bila vyombo vya hospitali.

Ya kwanza ni tamaa isiyotulia, ambayo hufanya saa nyingine zote za siku ziwe za kungoja. Ya pili ni kushindwa kupima: mtu anakwenda kilabuni kwa kata moja, tena kwa nia njema kabisa, naye anarudi usiku wa manane. Ya tatu ni mwili kudai. Asubuhi mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, na dawa pekee anayoijua ni kuzimua. Watu wetu hulitumia neno kuzimua kwa mzaha, lakini yeye anayezimua kila asubuhi ili aweze kushika kikombe cha chai hafanyi mzaha. Ya nne ni kustahimili, yaani kuhitaji kingi zaidi ili kupata kile ambacho zamani kilipatikana kwa kidogo. Hapa mila inatudanganya. Mwanamume anywaye sana asiyumbe husifiwa kwamba ana kichwa kigumu, na kijana hujifunza kumtamani. Sifa hiyo inampa mtu heshima kwa ajili ya dalili ya ugonjwa. Ya tano ni kuacha mambo mengine yote: shamba linaota magugu, kwaya inamkosa, watoto hawamwoni mchana. Ya sita ni kuendelea ijapokuwa madhara yanaonekana wazi. Ini limevimba, kazi imepotea, mke amerudi kwao, naye bado anakunywa.

Watambuao haya kwa urahisi kwa maskini huyapita kwa mwenye cheo. Mwalimu, mfanyabiashara wa mjini Moshi, mzee wa kanisa, hata mchungaji, aweza kuwa na dalili nne kati ya sita bila mtu kumwita mlevi, kwa sababu hunywa nyumbani na huendeshwa gari. Mwanamke naye hufichika kwa njia yake. Anayepika pombe huonja kabla ya kuuza, na kuonja kwa kila siku kwa miaka kumi si kuonja tena; ila aibu inayomngojea akijulikana ni kubwa kuliko ya mumewe, hivyo huja kwa mchungaji akilalamikia tumbo.

Yapo maswali manne mafupi, yaliyochapishwa mwaka 1984 na daktari wa Marekani, John Ewing, ambayo mtumishi anaweza kuyauliza katika mazungumzo ya kawaida: kama mtu amewahi kuona yampasa kupunguza, kama anaudhika watu wakimsema juu ya unywaji wake, kama amejiona na hatia kwa sababu hiyo, na kama amewahi kunywa mara tu alipoamka ili kutuliza mwili. Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kutufanya tushuku. Maswali hayo hayahitaji kuletwa kutoka mbali. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya watafiti walioyatafsiri na kuyapima kwa Kiswahili, pamoja na dodoso refu la maswali kumi la Shirika la Afya Duniani, miongoni mwa wagonjwa walioumia kichwa katika hospitali ya KCMC hapa Moshi. Wodi ya majeruhi ndiyo mahali ambapo unywaji wa mlimani hujieleza wenyewe, kwa pikipiki, kwa magari na kwa ngumi.

Je, ni dhambi au ni ugonjwa?

Wanafunzi huniuliza swali hili kila mwaka, na mara nyingi wanataka jibu la neno moja. Wengine hukimbilia kitabu cha Luther cha mwaka 1525 juu ya utumwa wa hiari, wakisema kwamba mraibu ni mfano wake kamili. Inafaa kuwa waangalifu. Luther alikuwa akisema juu ya hiari ya mwanadamu mbele za Mungu, katika mambo ya wokovu. Katika mambo yaliyo chini ya mwanadamu alikubali kwamba upo uhuru wa namna fulani. Karibu zaidi na jambo letu ni maelezo yake juu ya Amri ya Kwanza katika Katekisimo Kubwa, ambapo anafundisha kwamba kile ambacho moyo unakitegemea, hicho ndicho mungu wa mtu. Mraibu anajua vizuri kuliko sisi kwamba mungu wake hamwokoi. Anamtumikia hata hivyo, kwa kuwa mwili wake umekwisha kubadilika, na ubongo uliozoea kileo kwa miaka hautulii bila hicho.

Kwa hiyo mimi husema kwamba mtu anaweza kuingia kwa dhambi, au kwa huzuni, au kwa mazoea ya nyumba aliyokulia, naye akafika mahali ambapo ameshikwa na ugonjwa. Na ugonjwa huo haumwondolei wajibu. Ila wajibu wake sasa umebadilika. Hatumdai tena kwamba ajifungue mwenyewe. Tunamdai akubali kufunguliwa. Lazaro alipotoka kaburini (Yn 11:44) bado alikuwa amefungwa sanda, na waliosimama pale ndio walioagizwa kumfungua.

Hatari ya kuacha kwa ghafula

Hapa naomba msomaji asome polepole. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha kwa ghafula, mwili wake huingia katika msukosuko. Katika saa za kwanza, kati ya saa sita na ishirini na nne hivi tangu alipokunywa mara ya mwisho, hutetemeka, hutoka jasho, hutapika na kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajapata kuugua kifafa maishani mwake. Baadhi yao, siku ya pili hadi ya nne, huchanganyikiwa kabisa: huona nyoka ukutani na watu wasiokuwapo, hupiga kelele, joto la mwili hupanda na moyo hukimbia. Asipotibiwa aweza kufa.

Fikiri sasa jinsi mambo hayo yanavyoonekana katika kijiji. Mkutano wa injili umefanyika. Mtu amekwenda mbele Jumapili, ameombewa, ametangaza kwamba hatagusa pombe tena. Usiku wa Jumanne anapiga kelele kwamba anafuatwa na nyoka. Jamaa wanasema pombe imemtoka na sasa pepo wanapigana naye, au kwamba amerogwa na waliokuwa wakinywa pamoja naye. Mwinjilisti anaitwa, na maombi yanaendelea hadi asubuhi. Sina neno dhidi ya maombi. Lakini mtu huyo anahitaji kufikishwa hospitali usiku uleule, kwa sababu dawa za kumtuliza, kama vile diazepamu, zipo; na vitamini B1 anayopewa huulinda ubongo wake usipate ulemavu wa kudumu. Maombi yaweza kufanyika ndani ya gari.

Kanuni yangu kwa wanafunzi ni fupi. Kabla ya kumpongeza mtu kwa kuacha, muulize alikuwa akinywa kiasi gani, kila siku au la, kama asubuhi hutetemeka, na kama aliwahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipojaribu kuacha hapo nyuma. Akiwa na dalili hizo, asiache peke yake nyumbani. Apelekwe kwanza zahanati au kituo cha afya, na kutoka hapo Mawenzi au KCMC, ambako watapanga namna ya kumwachisha kwa usalama. Ikiwa ni lazima angoje siku mbili hadi apate usafiri, ni afadhali angoje akiwa bado anakunywa kidogo kuliko akate mara moja. Najua shauri hili linatoka vibaya katika kinywa cha mchungaji. Madaktari hawalionei haya.

Mwanzo wa ushauri

Hospitali hutoa pombe katika mwili kwa siku chache. Kazi iliyobaki huchukua miaka. Mahali pa kuanzia ni mazungumzo, tena ya asubuhi, mtu akiwa na akili zake, pasipo umati wa ndugu. Kikao cha ukoo kinachomzunguka mtu na kumhesabia makosa yake humfanya ajitetee au aahidi lolote ili kikao kiishe. William Miller na Stephen Rollnick, katika kitabu chao cha mwaka 1991, walionyesha kwamba mshauri akimshindania mgonjwa, mgonjwa huishia kuutetea unywaji wake; bali akimuuliza na kumsikiliza, mgonjwa mwenyewe huanza kutaja sababu za kubadilika. Bwana wetu alimuuliza mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka thelathini na minane kama anataka kuwa mzima (Yn 5:6). Swali hilo si la kejeli. Wapo wasiojua bado kama wanataka, nao wanahitaji mtu wa kukaa nao wakati hawajui.

Muulize pombe inampa nini. Atashangaa, kwa kuwa hajapata kuulizwa hivyo na mtu wa kanisa. Atakwambia juu ya usingizi, au juu ya mtoto aliyemzika, au juu ya shamba alilonyang'anywa na kaka yake. Kisha muulize inamnyang'anya nini, na umwache ahesabu mwenyewe. Pale KCMC wauguzi wa idara ya dharura wamefundishwa mazungumzo mafupi ya namna hii na majeruhi wanywaji, chini ya mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Ikiwa muuguzi mwenye foleni mlangoni anaweza kuyafanya, mchungaji hana udhuru. Hospitali hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1971, imekuwa pia mahali ambapo wachungaji hujifunza utunzaji wa wagonjwa kando ya kitanda, na ningependa kila dayosisi ipeleke watu huko.

Siri ni jambo la pili. Aliyoyasema mtu katika maungamo si mali ya baraza la wazee, na mchungaji anayeyapeleka huko amefunga mlango kwa wote watakaomfuata. Penye mlima ambapo kila mmoja ni binamu wa mwenzake, inafaa hata kumruhusu mtu amwone mshauri wa usharika mwingine. Wapo pia watakaohitaji hospitali ya magonjwa ya akili. Kanisa letu linayo Lutindi, katika milima ya Usambara, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 ikawahudumia wagonjwa wa akili. Kwa wale waliofungwa na heroini njia ni nyingine: nchini mwetu tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikaenezwa baadaye katika mikoa mingine.

Jambo la tatu ni wenzi. Makala za Schmalkald za mwaka 1537 zinayahesabu mazungumzo na faraja ya ndugu miongoni mwa njia ambazo injili hutufikia. Mwaka 1877 mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha mjini Geneva chama cha Msalaba wa Bluu kwa ajili ya walevi, na mwaka 1935 huko Akron, Marekani, walevi wawili waliosaidiana walianzisha umoja unaojulikana duniani pote, ambao unamtaka mwanachama kuungama makosa yake kwa Mungu na kwa mtu mwingine. Mlutheri atatambua hapo kitu chake mwenyewe alichokiweka kabatini. Watu watatu walioacha, wakikutana kila wiki katika chumba cha usharika bila mzee wa kanisa mlangoni, ni mwanzo wa kutosha.

Meza ya Bwana na meza ya ukoo

Wengi huanguka tena. Yeye aliyekaa miezi minane kisha akanywa siku tatu hajarudi alipoanza, na hatuna sababu ya kumtenga upya kana kwamba miezi ile minane haikuwapo. Sharika zinazohesabu maanguko huwafundisha watu kuyaficha.

Swali gumu zaidi ni kikombe. Kwa aliyepona juzi, harufu ya divai yaweza kuwa jaribu la kweli. Wakiri wetu walipinga kanisa kuwanyima waumini kikombe, na walikuwa na haki. Lakini hapa hakuna anayenyimwa; muumini mwenyewe anaomba aepushwe. Naona ni halali apewe mkate peke yake, bila kutangazwa, au usharika utumie maji ya zabibu yasiyochacha kwa kibali cha askofu. Lililo baya ni kumwacha abaki kitini kila Jumapili huku watu wakihesabu sababu.

Hatimaye ipo Desemba. Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na kila ua una pipa. Hapa vifungo vile alivyovieleza Gutmann vinaweza kumwua mtu au kumponya. Mke, kaka mkubwa na jirani mmoja wakikubaliana mapema kwamba kata itampita bila maneno, na kwamba asiulizwe sababu mbele ya wageni, atavuka Krismasi. Ikiwa amewakosea watu wakati wa ulevi wake, mila inamruhusu kwenda kwao na jani la isale, ishara ya kuomba amani ambayo kwa desturi haikataliwi. Zamani jani hilo liliandamana na mbege. Wazee wa ukoo, na mara nyingi ndio hao hao wazee wa kanisa, wanaweza kukubaliana kwamba kwa mtu huyu jani litakwenda peke yake, au pamoja na maziwa, na kwamba upatanisho utahesabiwa kuwa umekamilika. Mchungaji na azungumze nao mapema, mwezi wa Novemba, kabla ndizi hazijapikwa.